Mtu Mkali Akifa, Tumtaje Vipi?

Afapo mtu aliyekuwa hodari wa kazi na mkali wa tabia, walio nyuma yake hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja humsifu mpaka ukali wake nao ukahesabiwa katika sifa. Husema kwamba lau si ukali ule, kazi isingalitimia. Fungu la pili hukumbuka jeuri yake na maneno yake machungu, likakataa hata kuikiri kazi yake, ingawa laitumia mchana na usiku. Mafungu yote mawili yadhani yanamzungumza maiti, na huku yanawafundisha walio hai. Kwa hiyo yatupasa tuulize: dini yetu yatuelekeza kumtaja vipi mtu wa namna hii? Adabu ni kunyamaza, au haki ni kusema?

Suala hili si geni kwetu sisi wa Mraru na Voi, maana twaishi kando ya reli. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita hapa Voi, ikavuka mto Tsavo, ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, nayo ina stesheni yake hapa Voi. Na katika watu wote wa reli ile ya kwanza, anayetajwa zaidi ulimwenguni ni mhandisi mmoja Mwingereza, mzaliwa wa Ireland, jina lake John Henry Patterson, aliyefika Mombasa mwezi wa Machi 1898 akapewa kazi ya kujenga daraja la Tsavo. Na tumchukue yeye awe mfano wetu, kwa kuwa alikuwa na yote mawili: ustadi na ushujaa usiokanika, na ukali uliowafanya baadhi ya watu wake watake kumwua.

Tuanze na mema yake. Mwaka ule wa 1898 simba wawili waliwaandama wafanya kazi wa Tsavo kwa muda wa miezi kadha, wakiingia kambini usiku na kuwaburura watu kutoka mahemani. Hofu ilipozidi, mwanzo wa Disemba, makuli kwa mamia waliisimamisha treni kwa nguvu, wakaipanda, wakaenda zao. Kazi ya daraja ikasimama kiasi cha wiki tatu. Patterson hakuondoka. Usiku wa tarehe 9 Disemba alimpiga simba wa kwanza, na tarehe 29 akamwua wa pili. Watu wakarejea, daraja likamalizika. Tarehe 30 Januari 1899 wanyapara na wafanya kazi walimpa bakuli la fedha lililochorwa maneno ya shukrani, na mmoja wao akamtungia shairi kwa Kihindustani. Hiyo ni shahada ya watu waliokuwa chini ya amri yake, wala haifai kuipuuza.

Ama upande wa pili, nao ni wa kambi ileile na mwaka uleule. Fundi wa mawe alikuwa akilipwa rupia 45 kwa mwezi, na kuli wa kawaida rupia 12. Patterson aliona kwamba wengi waliojiita mafundi hawakujua kuchonga jiwe, akaamrisha kila mmoja alipwe kwa kadiri ya kazi aliyoitoa. Kukazuka njama ya kumwua machimboni. Aliingia kati yao, akasema nao kwa lugha yao, akaokoka. Na vichwa vya njama ile wakapelekwa Mombasa kuhukumiwa. Tena kulikuwa na mtu mmoja aliyelala kitandani siku nyingi akidai kuwa ni mgonjwa. Patterson, akiamini kwamba anajisingizia, alitia maranda ya mbao chini ya kitanda chake na kuyawasha moto, mtu yule akaruka na kukimbia, na wenziwe wakacheka.

Sasa tutazame: khabari hizi twazijua kwa kalamu ya nani? Twazijua kwa kalamu yake mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1907. Kisa cha maranda amekisimulia kwa mzaha, na msomaji hucheka pamoja naye. Huenda mtu yule alikuwa mvivu kweli, na huenda mafundi wale walikuwa walaghai kweli. Lakini hawakuandika kitabu. Kesi hii imetufikia na kauli ya upande mmoja tu, na mwenye kauli hiyo ndiye aliyekuwa bwana, ndiye aliyekuwa hakimu, na ndiye mwenye kusimulia. Kadhi yeyote angeliuliza: yuko wapi mdai wa pili?

Tuyaendee sasa mafundisho ya dini. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatukana maiti, kwa sababu wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Na katika riwaya ya Tirmidhi kutoka kwa Mughira bin Shu'ba, katazo hilo limeambatana na sababu nyingine: kwamba kuwatukana maiti kwawaudhi walio hai. Kwa upande mwingine, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba jeneza moja lilipita, watu wakalitaja kwa kheri, na jeneza jengine likapita, wakalitaja kwa shari; wala Mtume (S.A.W.) hakuwakemea, bali aliwaambia kwamba wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi.

Mtu aweza kudhani kwamba hadithi hizi zapingana. Hazipingani. Tusi ni jambo moja na ushahidi ni jambo jengine. Mwenye kutukana ataka kujiliwaza nafsi yake. Mwenye kushuhudia amebeba amana, na ataulizwa juu ya kila neno alilolizidisha na kila neno alilolipunguza. Wanavyuoni wetu wa hadithi waliijua tofauti hii kwa undani. Waliandika vitabu vikubwa juu ya wapokezi wa hadithi, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa, wakawataja kwa majina: huyu ni mkweli, huyu husahau, huyu haaminiki. Hawakuona kwamba hiyo ni ghiba, kwa sababu dini ya umma mzima ilikuwa yategemea khabari za watu wale. Na uadilifu wao ulikuwa ni huu: walimsema mtu mmoja kwamba ni mcha Mungu, mwingi wa ibada, na papo hapo kwamba kumbukumbu yake ni dhaifu. Ucha Mungu wake haukuufuta udhaifu wa kumbukumbu yake, wala udhaifu huo haukuufuta ucha Mungu wake. Kila sifa ilipimwa mahali pake.

Hiyo ndiyo mizani tuitakayo. Ukimtaja Patterson, sema kwamba alikuwa shujaa, maana alibaki walipokimbia wengine. Sema kwamba alijua kazi yake. Kisha sema kwamba kumwashia moto mtu kitandani ni udhalilishaji, ajapokuwa mtu huyo ni mvivu, na kwamba anayestahili adhabu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Usiitoe moja kuwa udhuru wa nyingine. Simba hawakufa kwa sababu ya maranda yale, wala jiwe la daraja halikukaa imara kwa sababu mtu alidhalilishwa. Wahenga wetu wamesema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maneno haya yamwenea mwenye nguvu vilevile: mpeni sifa yake, na deni lake lisifutwe.

Atasema msemaji: mtu huyu hakuwa Muislamu, tena alikuwa mtumishi wa ukoloni, yanini kumpimia kwa mizani ya insafu? Na akiyajua yaliyofuata atazidi kukasirika. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Patterson aliongoza vikosi vya Mayahudi katika jeshi la Uingereza, mwaka 1915 huko Gallipoli, na mwaka 1918 katika nchi ya Palestina. Alikufa California mwaka 1947, na mwaka 2014 majivu yake yakahamishiwa Israeli kwa heshima kubwa ya kiserikali. Waislamu wengi walioumizwa na yaliyowafika Wapalestina hawataweza kuisoma khabari hiyo kwa utulivu. Lakini hapo ndipo amri ya Mwenyezi Mungu inapotushika. Katika Suratul Maida, aya ya 8, ametuamrisha tusiache uadilifu kwa sababu ya chuki tuliyo nayo juu ya watu, na akatuambia kwamba uadilifu ndio ulio karibu zaidi na uchaji. Amri hiyo yahitajiwa zaidi pale moyo unapochukia. Basi jambo lake la Palestina litasemwa mahali pake, na wenye haki ya kulisema. Ushujaa wake wa Tsavo hautakuwa uwongo kwa ajili ya hilo.

Na insafu hiyohiyo yatufunza kunyamaza panapostahili kunyamaza. Mwaka 1908, alipokuwa msimamizi wa wanyama wa pori, Patterson alikwenda safari na mtu na mkewe, na yule mume akafa njiani kwa risasi. Uvumi ulienea Nairobi mpaka London. Hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Uvumi usiothibiti si ushahidi, na mwenye kuueneza leo, baada ya miaka zaidi ya mia, ajitwisha mzigo asiokuwa na haja nao.

Hata hapa tumemzungumza mtu mmoja. Lakini katika Suratul A'raf, aya ya 85, Nabii Shuaib (A.S.) aliwakataza watu wake kuwapunguzia watu vitu vyao. Watu wengi wadhani kwamba hayo ni ya pishi na mizani za sokoni tu. Maneno ya aya ni mapana. Kazi ya mtu ni kitu chake, na jina lake ni kitu chake. Basi nani amepunguziwa katika kisa cha Tsavo?

Kwa ajili ya reli ile waliletwa kutoka Bara Hindi watu karibu 32,000, wengi wao kutoka Punjab, na wengi katika hao Waislamu. Karibu 2,500 walikufa, kwa maradhi na ajali na mengineyo. Ni sawa na watu wanne au zaidi kwa kila maili ya njia ya reli. Katika kitabu chake Patterson aliwahesabu Wahindi 28 walioliwa na simba, akasema kwamba Waafrika nao waliliwa kwa makumi lakini hakuna daftari la serikali lililowaandika. Baadaye hesabu yake ilipanda mpaka watu 135. Mwaka 2009 wataalamu waliopima mifupa na nywele za simba wale walikadiria kwamba walioliwa ni kama watu 35. Tazama jinsi khabari ilivyogeuka: ngozi za simba wenyewe ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, mwaka 1924, zikajazwa, na zatazamwa na watu mpaka leo. Simba wana namba zao na kabati lao la kioo. Mwafrika aliyeliwa nao hana hata mstari mmoja katika daftari. Kisha mwaka 1996 Wamarekani walitoa sinema ya kisa hicho, wakaipigia picha Afrika ya Kusini, wakamwongeza mwindaji wa Kimarekani ambaye hakupata kuwako. Yaani asiyekuwako amepata nafasi katika kumbukumbu, na waliokuwako wameikosa.

Wala tusidhani kwamba makosa haya ni ya wageni peke yao. Ukitoka Voi kwenda Mombasa utapita Mackinnon Road, na kando ya reli utauona msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, mnyapara wa Kipunjabi katika ujenzi wa reli ileile. Inasimuliwa kwamba karai la kokoto alilolichukua lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Wasafiri wengi husimama hapo. Kuzuru makaburi ili kukumbuka mauti na kuwaombea waliomo ni sunna. Kumwomba aliyemo ni jambo lisilofaa, na tumekwisha lieleza mara nyingi. Ninalolitaka hapa ni jengine. Huyu alikuwa mfanya kazi. Alisimama juani, aliwasimamia watu, alikula jasho lake. Tumemwachia karai linaloelea, na tumesahau kuuliza juu ya makarai yasiyoelea, yaliyowakalia vichwani maelfu ya wenziwe mpaka wakafa. Bwana alifanywa shujaa wa sinema, mnyapara akafanywa wa miujiza, na katikati yao kuli akapotea. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, wamesema watu wa pwani. Sisi tumemsahau hata baharia mwenyewe.

Na haya ndiyo madhara ya kwanza ya kumtaja vibaya maiti mkubwa: kwamba sifa za wengi hukusanywa zikawekwa juu ya kichwa kimoja. Madhara ya pili ni makubwa zaidi, maana yaingia katika tabia za walio hai. Alipokufa Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, tarehe 5 Oktoba 2011, dunia nzima ilimtaja. Waarabu wengi walifurahi kukumbusha kwamba baba yake mzazi alikuwa Msyria, Abdulfattah Jandali. Yalitajwa pia, na waliofanya kazi naye, matusi yake na jinsi alivyowaaibisha watu mbele ya wenzao. Watu walijifunza nini? Wako mabwana wa kazi waliouona ukali ule kuwa ndiyo siri ya ustadi, wakauiga. Na kuiga ukali ni rahisi, kuiga ustadi ni kugumu. Wakabaki na matusi bila ya kazi. Hapa kwetu Kenya, alipokufa Bob Collymore mwaka 2019, aliyeiongoza Safaricom tangu mwaka 2010, wengi walimtaja kwa utu wake. Kampuni yake haikuwa ndogo, wala kazi yake haikuwa nyepesi. Basi yatosha kuonyesha kwamba kazi kubwa haihitaji kumdhalilisha mtu.

Na sisi Waislamu tuna hoja iliyo kubwa kuliko hiyo. Anas (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na ushahidi wake, katika Bukhari na Muslim, ni kwamba hakupata kuambiwa hata neno la kuchushwa. Huyo ni mtumishi anayemtaja bwana wake baada ya kufa kwake. Hakuna ushahidi ulio mzito kuliko huo. Na katika Suratul Aal Imran, aya ya 159, Mwenyezi Mungu amemwambia Mtume wake kwamba ni kwa rehema Yake alikuwa laini kwao, na lau angalikuwa mkali mwenye moyo mgumu, wangalimkimbia. Hakuna kiongozi aliyebeba kazi kubwa kuliko yake, naye hakuibeba kwa kuwadhalilisha watu.

Tuliangalie hili katika nyumba zetu. Mara ngapi twasikia mtu mzima akimsifu mwalimu wake wa chuoni aliyekufa, akasema kwa kicheko kwamba lau si kiboko cha maalim asingalijua kusoma? Kisha kesho yake ampeleka mwanawe chuoni na kumwambia maalim mpya: nyama yako, mifupa yangu. Hapo kumbukumbu ya maiti imekuwa hati ya kuwapiga walio hai. Maalim yule ana haki yake juu yetu: alitufundisha Kitabu cha Mwenyezi Mungu, pengine bila ya malipo, na kila herufi tuisomayo tuitarajie iwe katika mizani yake. Hiyo ni haki, na tuitamke. Lakini watoto waliokichukia chuo kwa ajili ya fimbo yake, wakatoroka wasirudi tena, nao wana haki. Hao hawapo barazani kumsifu, ndiyo maana sauti yao haisikiki. Wasema waliofaulu, waliovunjika wamenyamaza, nasi twadhani kwamba fimbo haikumvunja mtu.

Kadhalika mwenyekiti aliyeleta maji, fundi aliyejenga msikiti, tajiri aliyefungua kiwanda. Wakifa, na watajwe kwa mambo matatu. Kwanza, kazi yao itajwe kwa kweli, bila ya kuiongeza wala kuipunguza. Pili, watajwe waliofanya kazi pamoja nao, kwa majina yao kila yanapojulikana, na ikiwa kuna aliyekufa na ujira wake haukulipwa, warithi wake watafutwe walipwe, maana deni halifi kwa kufa mwenye kudai, na Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanya kazi alipwe kabla ya jasho lake kukauka. Tatu, kosa lililowaumiza watu na ambalo laweza kuigwa litajwe kwa kadiri ya haja, bila ya tusi wala kicheko, ili lisifanywe mila. Kosa lake la siri, lililo baina yake na Mola wake, na liachwe. Hatutaulizwa juu yake.

Yaliyotendwa Tsavo yamepita, na Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul Baqara, aya ya 134, kwamba umma uliopita una yake uliyoyachuma, nasi tuna yetu. Patterson amefikia aliyoyatanguliza. Waliokufa wakiitengeneza reli nao wamefika kwa Mola wao, naye hahitaji daftari la serikali ili awajue. Letu ni ushahidi tutakaoutoa. Wazee wa Mraru na Voi wanaozijua khabari za reli kutoka kwa baba zao na babu zao na waulizwe, na vijana wa darasa letu waziandike, majina ya watu na mahali walipozikwa, kabla wazee hawajaondoka nazo. Na wakifika penye daraja la Tsavo waambiwe habari ya bakuli la fedha na habari ya maranda, zote mbili kwa pamoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki, juu ya tuwapendao na tuwachukiao, na juu ya nafsi zetu kabla ya wote. Awarehemu Waislamu waliokufa katika njia ile ya reli, wenye makaburi yajulikanayo na wasiokuwa nayo. Amin.